Fuawe ya Kwanza: Namna ya Kuichagua, Kuipima na Kuisimika

Haupiti mwezi bila kijana kusimama mlangoni mwa karakana yangu na swali lile lile: "Fundi, nataka kuanza uhunzi. Fuawe nitaipata wapi?" Halafu anatoa simu na kunionesha picha ya fuawe ya Kizungu, yaani lile bonge la chuma la kufulia juu yake, kilo mia na ushee, ina pembe ndefu na uso unaong'aa kama kioo. Nikimuuliza kama ana nyundo, hana. Koleo? Hana. Moto je? Bado. Ila pembe anaitaka.

Basi nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, anayeuliza nimpe asome. Mwongozo huu ni wa mwanagenzi kabisa, mtu anayetaka kufua ndoano, tindo, kisu cha jikoni au bawaba ya mlango nyuma ya nyumba yake. Kama unataka kufua majembe ya kuuza wilaya nzima, mahitaji yako ni mengine.

Nadharia nitakupa hii tu. Nyundo inaposhuka, chuma chekundu kinabanwa kati ya vitu viwili: nyundo juu, fuawe chini. Fuawe ikiwa nyepesi, itatikisika na kula sehemu ya pigo lako. Ikiwa laini, itabonyea na kula sehemu nyingine. Kwa hiyo unachonunua ni uzito na ugumu ulio moja kwa moja chini ya pale nyundo inapotua. Pembe ya kukunjia, matundu ya kusimamishia vifaa na meza (ile ngazi ndogo kando ya uso) ni nyongeza. Wahunzi wa zamani wa nchi hizi walifulia juu ya jiwe gumu, na mikuki ikatoka.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJATOKA NYUMBANI

- Gololi ya chuma kutoka kwenye beringi kubwa, yenye kipenyo cha milimita 20 hadi 25. Gereji yoyote ya malori watakupa bure au kwa hela ya soda. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote kwenye orodha hii.
- Rula ya sentimita 30 au futi ya fundi.
- Nyundo ndogo ya kugongea.
- Tupa, hata iliyochakaa kidogo.
- Kitambaa na kipande cha msasa cha kuondolea kutu na rangi.
- Mizani ya kuning'iniza, kama huwaamini wauzaji. Mimi siwaamini.
- Mtu wa kukusaidia kubeba. Kilo 50 za chuma si sawa na mfuko wa saruji. Chuma hakina mahali pa kushika.

Baadaye, kwenye kusimika, utahitaji gogo, bolti au skurubu ndefu za mbao, mnyororo mfupi, grenda, na miwani ya kinga.

HATUA

1. Chagua nyundo kwanza, ndipo upange uzito wa fuawe.

Mwanagenzi aanze na nyundo ya gramu 800 hadi kilo 1. Nyundo nzito haikufanyi mhunzi, inakufanya mgonjwa wa kiwiko. Kipimo cha haraka ni hiki: fuawe iwe na uzito angalau mara 20 ya nyundo, na ikifika mara 50 utafurahi. Nyundo ya gramu 900 inaridhika na kilo 18 hivi. Nyundo ya kilo 1 ukiiwekea fuawe ya kilo 50, utafua kwa miaka bila kulalamika.

Usikazane na kilo mia. Chini ya kilo 15, hata hivyo, utakuwa unasukuma fuawe badala ya kufua chuma, labda uifunge kwa nguvu sana kwenye kitu kizito.

2. Jua unatafuta kitu gani kwenye vyuma chakavu.

Nenda eneo la Gerezani kama uko Dar, Kamukunji kama uko Nairobi, au kwa muuza chakavu wa mji wako. Usiulize "mna fuawe?" Ukitamka hivyo, bei inapanda kabla hajanyanyuka kitini. Zunguka, angalia, kisha ulizia bei kwa kilo. Vitu vinavyofaa ni hivi, kwa mpangilio wa mapenzi yangu:

Bonge la chuma cha pua (stili). Kipande cha shafti kubwa, mche wa mashine, kipande cha mraba kilichobaki kwenye karakana ya kukereza. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa sentimita 30 ina uzito wa kilo 41 hivi. Ukiisimamisha wima, tayari una fuawe nzuri kuliko nyingi zenye pembe. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 30 kina kilo 23 na nusu.

Uma wa foklifti. Watu wanaupita hawauoni. Ni chuma kigumu kilichotengenezwa kubeba tani. Uma wenye upana wa sentimita 10 na unene wa 4, mita nzima ni kilo 31. Uukate vipande viwili vya nusu mita, uvisimamishe wima vikiwa vimeshikana, uvifunge kwa bolti na mikanda ya chuma. Hapo una uso wa sentimita 10 kwa 8 na uzito wote uko chini ya nyundo.

Reli. Nitairudia hapo chini, maana ndiyo inayopatikana zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi.

Ekseli ya lori. Ile yenye sahani pana mwishoni. Zika mti wake ndani ya gogo, sahani ikae juu. Piga katikati, juu ya mti wenyewe. Pembeni pa sahani panarusha nyundo.

Kichwa cha nyundo ya kuvunjia mawe. Kilo 6 au 7, kimezamishwa kwenye gogo, uso mmoja juu. Ni kidogo, lakini chuma chake ni kigumu na kwa misumari, ndoano na visu vidogo kinatosha. Aliyenifundisha mimi alianzia hapo.

Usinunue bamba la milimita 10 ukaliweka juu ya meza ya mbao. Litakuwa ngoma.

3. Hakikisha mali ni halali.

Hili nitalisema mara moja. Reli ni mali ya umma, na kuna treni inayopita juu yake usiku ikiwa na watu. Muuzaji aliyeinunua reli chakavu kihalali, kwa mnada au kwa zabuni, ana karatasi za kukuonesha. Asiye nazo, mwache. Kenya kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara nzima ya chakavu baada ya nguzo za umeme na reli kuhujumiwa. Ilifunguliwa tena Mei mwaka huo huo. Dai risiti kila mara, hata ya kipande cha elfu tano.

Na kitu chochote kilichofungwa pande zote, mtungi, silinda, au kinachofanana na bomu, usikiguse hata kama umeambiwa ni kitupu. Dar hatujasahau maghala ya silaha yalivyolipuka Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011.

4. Piga jaribio la gololi.

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa, kwa hiyo soma taratibu.

Weka chuma unachokitaka chini, pahali pagumu, kisiyumbe. Safisha sehemu ndogo ya uso kwa msasa mpaka chuma cheupe kionekane. Rangi na kutu hula mdundo, ukapima rangi badala ya chuma. Simamisha rula kando. Shika gololi juu ya uso kwa urefu wa sentimita 25, iachie bila kuisukuma, na macho yako yawe usawa wa pale unapotarajia itarudi. Rudia mara tano sehemu mbalimbali.

Gololi ikirudi sentimita 20, umepata chuma bora. Lipa, ondoka, usiongee sana. Ikirudi 15 hadi 18, ni chuma kizuri cha kuanzia na hata kuendelea nacho. Kati ya 12 na 15, kichukue kwa bei ya chakavu tu. Ikirudi chini ya hapo, au ikaanguka pale pale kwa sauti ya "tu" kama embe lililooza, achana nacho.

Pita na gololi uso mzima. Sehemu moja ikirudisha 18 na jirani yake 9, pana ufa chini, au palichomelewa zamani, au sahani ya juu imeachana na mwili.

Muuzaji atakucheka. Wa kwanza alinicheka mpaka akawaita wenzake. Mwacheni acheke, siku hizi ana gololi yake na anapandisha bei kwa vile vinavyodunda.

5. Sikiliza, kisha kwaruza.

Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma cha pua kizima hulia kama kengele, mlio unakwenda. Mlio mfupi wenye mkwaruzo, kama chungu chenye ufa, ni dalili mbaya. Angalizo: fuawe za aina fulani, hasa zile zenye mwili wa chuma cha kusubu (kile cha kumwaga kwenye kalibu) na sahani ngumu juu, hazilii kabisa na bado ni nzuri. Mlio unashauri, gololi ndiyo inayohukumu.

Kisha tupa. Ipitishe kwenye kona. Ikiteleza bila kung'ata, uso ni mgumu. Iking'ata kwa shida, kama reli ilivyo, sawa. Ikila chuma kirahisi kama unapunguza ukucha, ni chuma laini cha majengo. Na kama badala ya chembe ndefu unapata unga mweusi wa kijivu unaokuchafua vidole, hicho ni chuma cha kusubu. Kina uzito, kina umbo, lakini kinavunjika na hakirudishi pigo.

6. Ukikutana na fuawe halisi, ikague hivi.

Zipo. Karakana za zamani, misheni, wajane wa mafundi wa reli. Nyingi zilikuja na Waingereza, na ubavuni utaona tarakimu tatu zilizotengana, mfano 1 2 10. Usidhani ni kilo. Ya kwanza inahesabiwa ratili 112, ya pili ni robo zake, yaani ratili 28 kila moja, ya tatu ni ratili zenyewe. Kwa hiyo 1 2 10 ni 112 na 56 na 10, jumla ratili 178, karibu kilo 81. Ukijua hesabu hii na muuzaji haijui, umemtangulia.

Tazama uso kwa kuulalia rula. Ukibonyea milimita mbili tatu katikati, hauna neno. Utanyoosha chuma pale palipo sawa. Kona zilizomeguka si tatizo mradi umebaki na sentimita kumi nzima upande mmoja. Kutu ya juu juu isikutishe. Kinachotisha ni michirizi ya kuchomelea kwenye uso, maana moto wa kuchomelea hulainisha pembezoni na kuacha nyufa. Na uso uliosagwa upya ukang'arishwa, kwa sababu kwenye fuawe nyingi za zamani ule ugumu ni sahani ya sentimita moja na kitu tu, na aliyeusaga ameula. Gololi itakuambia kilichobaki.

Fuawe mpya za dukani ni habari nyingine, na hapa nina kidonda changu. Miaka ya mwanzo nilinunua dukani fuawe ya buluu, kilo 25, ina pembe na matundu yote. Sikupima chochote; nani apime kitu kipya? Wiki ya kwanza uso ukawa na mabonde kama sufuria iliyoanguka. Wiki ya tatu nilikuwa nakunja ndoano kwenye pembe, nikapiga pigo moja la kawaida kabisa, na pembe ikaenda kutua kwenye beseni la maji. Ndani ilikuwa ya kijivu yenye punje punje, kusubu tupu. Muuzaji alinieleza kwamba ile ilikuwa "ya mapambo". Hela nilizolipa zingenunua kilo nyingi za shafti. Siku hizi zipo fuawe mpya nzuri za chuma cha pua, hata za bei ya wastani. Lakini ingia dukani na gololi mfukoni, na asiyekuruhusu kupima umeshapata jibu lake.

7. Reli isimamishe, usiilaze.

Kila mtu analaza reli, kwa sababu ikilala inafanana na fuawe. Tazama umbo lake lakini: kichwa kinene juu, kitako kipana chini, na katikati ubavu mwembamba. Ukipiga juu yake, ubavu ule unachezacheza kama springi, sehemu ya pigo inapotea na masikio yanaumia. Isimamishe wima kama nguzo, upige kwenye ncha. Sasa chuma chote kiko chini ya nyundo.

Uzito unategemea aina ya reli. Reli nyingi za zamani, za njia zenye upana wa mita moja, zina kilo 25 au kilo 40 hivi kwa mita; mara nyingi ubavuni kuna tarakimu 50 au 80, ambazo ni ratili kwa yadi. Reli nzito za kisasa zinafika kilo 60 kwa mita. Kipande cha sentimita 45 cha reli ya kilo 40 kina kilo 18, kikamilifu kwa nyundo yako ya gramu 900. Kadiri kipande kinavyokuwa kirefu, ndivyo bora. Mita nzima iliyozikwa ardhini nusu yake ni fuawe ya kutosha maisha.

Utalalamika kwamba uso ni mdogo, sentimita 6 kwa 4 hivi pale kichwani. Kweli. Lakini angalia nyundo yako: uso wake una ukubwa gani? Unapiga pahali pamoja kwa wakati mmoja. Kazi ndefu ya kunyoosha ndiyo utakayoifanya kwenye kipande kingine kilicholazwa.

Kata kwa grenda na diski, si kwa gesi. Gesi inaharibu ugumu wa ile ncha unayoitaka na inaacha uso wa milima na mabonde. Kama umeikuta imeshakatwa kwa gesi, geuza ncha nyingine juu, au ondoa sentimita mbili za mwisho. Kisha sawazisha uso mpaka rula ikilala isipitishe mwanga. Karakana yenye mashine ya kukerezea itakufanyia vizuri zaidi kwa dakika chache. Chuma cha reli hakihitaji kuchomwa na kuzimwa majini. Kiache kilivyo.

8. Lainisha kingo.

Kingo kali ni kosa la wapya wote, wanaziona nzuri. Kingo kali hukata chuma chako pale unapotaka kukikunja, na zenyewe humeguka na kuruka. Zungushia mviringo wa milimita 3 upande mmoja, milimita 6 upande mwingine, na uache sehemu fupi tu yenye kona ya wastani. Grenda kwanza, tupa baadaye, msasa mwisho. Vaa miwani.

9. Pima kimo chako.

Simama wima karibu na gogo, mkono umening'inia, kunja ngumi. Uso wa fuawe uwe pale zilipo fundo za vidole. Kwa watu wengi ni sentimita 70 hadi 80. Usinakili kimo cha rafiki yako.

Hakiki kwa kipande cha ubao laini: kiweke juu ya fuawe, piga mara kadhaa bila kufikiri, angalia alama. Duara kamili maana yake kimo ni sahihi. Alama zikizama upande ulio karibu nawe, fuawe iko juu mno. Zikizama upande wa mbali, iko chini mno. Ongeza au punguza gogo, usikunje mgongo.

10. Simika.

Fuawe nzuri juu ya gogo linalocheza ni fuawe mbaya. Tafuta gogo gumu, mwembe mkavu au mkwaju, kipenyo cha sentimita 40 au zaidi, likatwe sawasawa juu na chini, nyuzi zikisimama wima. Likizikwa nusu mita ardhini na udongo kushindiliwa kwa mtaimbo, halitikisiki. Kwenye sakafu, lipe miguu mitatu. Miguu minne kwenye sakafu yetu ya mtaani itayumba daima.

Bonge na fuawe halisi: chimba kitako kidogo kwenye gogo ili chuma kikae kama kwenye kiota, kisha kifunge kwa mkanda wa chuma na bolti, au mnyororo uliokazwa kwa nati. Reli ya kusimama: chomelea bamba la sentimita 25 kwa 25, unene milimita 10, kwenye ncha ya chini, kisha lifunge kwa skurubu nne ndefu. Chini unaruhusiwa kuchomelea. Juu, marufuku. Na usisahau kutoa urefu wa reli kwenye kimo: kama fundo zako ziko sentimita 76 na reli ni 45, gogo libaki 30, maana bamba limekula moja.

Huna gogo? Ndoo ya lita 20, reli katikati, zege pembeni. Si nzuri kama mbao, lakini inasimama.

11. Fua kitu jioni hiyo hiyo.

Chukua nondo ya milimita 10, iwe nyekundu ya machungwa, uichonge ncha. Usitumie nondo, bomba wala bati vilivyopakwa zinki. Moshi wake unaleta homa. Fuawe utaijua kwa mkono wako ndani ya robo saa.

YANAYOHARIBU FUAWE MAPEMA

Kupiga nyundo moja kwa moja kwenye uso mtupu, kwa mazoea tu, kati ya pigo na pigo. Watu wanaona ni madaha ya mhunzi. Chuma kigumu kwa chuma kigumu kinarusha vipande, na jicho halina spea.

Kufua chuma kilichopoa. Kikiacha kuwa chekundu, kirudishe motoni, usikazane. Alama utakazoona kwenye uso ni za ukaidi wako.

Kukata kwa tindo juu ya uso. Weka kipande cha chuma laini au shaba chini yake, tindo iishie humo.

Kumwazima fundi wa magari fuawe yako. Itarudi na alama za beringi zote alizotoa mwaka huu.

IKISUMBUA

Nyundo inaruka ovyo na mkono unakufa ganzi. Kaza bolti kwanza. Zikiwa zimekaza, jaribu gololi juu ya fuawe ikiwa imesimikwa. Ikirudi pungufu kuliko ulivyopima sokoni, gogo au kitako ndicho kinachokula pigo; ondoa chuma, safisha palipobaki chembe za mbao, ufunge tena.

Majirani wanalalamika makelele. Zungushia mnyororo mzito kwenye kiuno na uukaze. Sumaku ya spika mbovu ikinaswa chini ya uso inapunguza mlio kwa namna ya ajabu. Na usifue saa ya adhana wala asubuhi ya Jumapili, hilo halihitaji sumaku.

Kazi zinatoka na vishimo. Ni magamba ya chuma yaliyobaki juu ya uso. Weka brashi ya waya kando, ufagie kabla ya kila moto.

Uso unabonyea. Ikiwa unafua kikiwa chekundu na bado unabonyea, ulinunua chuma laini. Geuza upande wa pili ujaribu. Ukikosa, kitumie kama uzito wa chini na uweke juu yake kichwa cha nyundo ya mawe au kipande cha uma wa foklifti.

Huna pembe ya kukunjia. Kunja kwenye ule mviringo wa milimita 6. Kwa pete na ndoano, bana kipande cha shafti ya sentimita 3 kwenye jiliwa, kifanye kazi hiyo.

Huna tundu la kusimamishia vifaa. Chukua bomba la mraba, lifunge ubavuni mwa gogo kwa skurubu. Usilichomelee kwenye reli.

Gogo linapasuka. Fundi wa mapipa anazo pete; pete mbili zilizokazwa zinatosha. Ukikosa, nondo ya milimita 8 iliyokunjwa na kufungwa kwa bolti.

Gogo linatoa moshi. Hii huwashangaza wengi. Magamba moto yanaanguka kwenye nyufa za mbao na kukaa humo kimya kimya, halafu saa tano usiku gogo limekuwa jiko. Kila ukimaliza, fagia kitako cha fuawe, mwaga kopo moja la maji kuzunguka gogo, na upapase kwa kiganja kabla hujafunga mlango.